Kabla ya Maikrofoni: Ushauri kwa Anayeanza Podikasti Mjini Kampala

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya vyombo vya kunasia sauti, na hasa juu ya uteuzi wa vyombo hivyo kwa mtu aliyekata shauri kuanzisha podikasti yake mwenyewe, ilhali hana studio, hana fundi wa kumwongoza, na fedha aliyo nayo ni ile aliyoidunduliza kidogo kidogo kutoka katika ujira wake wa mwezi.

Mji wetu ni mji wa mazungumzo. Tangu mwaka 1993, Radio Sanyu na Capital Radio zilipoingia hewani na redio ya serikali ikapata wenzake, na tangu mwaka 1996, CBS ilipoanza kusema na watu wa Buganda kwa lugha yao, wenyeji wa Kampala wamezoea kusikia sauti za watu wa kawaida zikitoka redioni, zikihoji, zikilalamika na zikitoa rai. Wenye umri wa kukumbuka wanazikumbuka ebimeeza, yale mabaraza ya hadhara yaliyorushwa hewani moja kwa moja, kama lile la Radio One pale Club Obbligato, ambapo mwanafunzi, mwanasheria na mchuuzi waliishika maikrofoni moja kwa zamu na kuulizana juu ya mambo ya nchi huku nchi nzima ikisikiliza, mpaka serikali ilipoyapiga marufuku mwezi wa Septemba 2009. Hamu ya kusema na kusikilizwa haikwisha kwa amri ile. Leo imo ndani ya vyumba vya kupanga vya Kisaasi, Ntinda, Makindye na Kikoni, ambamo vijana wawili watatu huketi kuizunguka meza, wakanasa maongezi yao, kisha wakayatuma katika intaneti yasikilizwe Gulu, Mombasa, Bukavu na London. Naiona kazi hii kuwa na heshima kubwa, na maadamu naiheshimu, huumia moyo ninaposikia maongezi yaliyofikiriwa kwa dhati yakiharibiwa na sauti ya kuchosha, hata msikilizaji akayaacha kabla hayajafika katikati.

Swali analouliza kwanza kila anayeanza ni hili: ninunue maikrofoni gani? Swali hili si baya, ila zamu yake ni ya tatu. La kwanza ni: nitasemea wapi? La pili ni: nitajisikiliza kwa kitu gani? Aliyeyajibu mawili hayo sawasawa anaweza kununua maikrofoni ya bei ya wastani akasikika vizuri, na asiyeyajibu anaweza kulipa dola 400 kwa maikrofoni mashuhuri, kisha akasikika kama mtu anayesemea ndani ya birika la maji.

Tuanze basi na chumba. Nyumba zetu nyingi hapa mjini zimejengwa kwa matofali yaliyopigwa lipu, sakafu zake ni za saruji au vigae, madirisha yake ni ya vioo na vyuma, na mpangaji kijana aghalabu hana ndani yake ila kitanda, meza na kiti. Sauti hutoka kinywani ikienda kwa mwendo wa takriban meta 343 katika sekunde moja. Katika chumba cha meta tatu kwa nne, hugonga ukuta na kuirudia maikrofoni kabla neno lenyewe halijamalizika kutamkwa, ikarudi tena kutoka ukuta wa pili, na wa tatu, na darini, mpaka maneno yanapandiana yenyewe kwa yenyewe. Sisi tuliomo chumbani hatuyajali marejeo hayo, kwa kuwa Mwenyezi Mungu ametupa masikio mawili na akili ya kuchuja yanayoingia. Maikrofoni ina sikio moja, na akili haina. Na dhara lake kwa lugha zetu ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Katika Kiganda, okuta ni kuachilia na okutta ni kuua, na kinachoyatenganisha maneno hayo ni kimya kifupi ambacho ulimi hukishikilia kabla ya kuiachia herufi. Chumba chenye mwangwi hukijaza kimya hicho kwa masalio ya sauti iliyotangulia, na msikilizaji aliyebanwa ndani ya taksi kutoka Mukono huachwa akikisia.

Mtihani wa chumba hauna gharama: simama katikati yake, upige kofi moja kwa nguvu, usikilize. Ukisikia baada ya kofi mlio mkali unaotetemeka kati ya kuta, chumba hicho hakifai kama kilivyo. Dawa yake haiuzwi katika maduka ya vyombo vya muziki. Inauzwa Owino, katika soko ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, ambako mablanketi mazito ya mitumba, mapazia ya kitambaa kinene na mazulia yaliyokwisha kutumika yamerundikwa kwa wingi na kwa bei inayojadilika. Zulia litandikwe chini ya meza, mablanketi mawili matatu yaning'inizwe nyuma ya msemaji na mbele yake, yasigusane na ukuta bali yaachwe shubiri moja mbali nao, kwa sababu blanketi lenye hewa nyuma yake hunyonya sauti zaidi kuliko lililobandikwa. Godoro likisimamishwa kwenye pembe ya chumba hufanya kazi njema, na kabati lililojaa nguo, milango yake ikiwa wazi, hali kadhalika. Mwenye kupenda uzuri anaweza kutandaza lubugo juu ya mablanketi hayo. Kitambaa hicho cha gome la mutuba, ambacho UNESCO ilikitangaza mwaka 2005 kuwa miongoni mwa hazina za urithi wa wanadamu, ni chepesi mno kuuzuia mwangwi peke yake, lakini hukisitiri kilicho nyuma yake na kukipa chumba sura inayomtuliza mgeni, na mgeni aliyetulia husema vizuri. Ama vile vipande vyembamba vya sponji vilivyochongwa mfano wa piramidi, ambavyo vijana huviona katika picha na kuvitamani, hunyonya sauti nyembamba tu na kuziacha zile nene zikivuma. Sioni sababu ya kuvitangulizia fedha.

Lakini ieleweke kuwa blanketi hunyonya sauti iliyomo ndani; halizuii iliyo nje. Boda boda inayopanda kilima, jenereta ya duka la jirani, spika za mikesha ya maombi, majogoo na mbwa, watoto wanaotoka shule, yote hayo hupita katika pazia kama kwamba halipo. Kelele ya nje huzuiwa kwa ukuta mzito, ambao mpangaji hana ruhusa ya kuujenga, au kwa umbali, au kwa kuchagua saa. Kwa hiyo anayeanza na akae katika chumba chake siku nzima, saa baada ya saa, aandike ni wakati gani mtaa wake unatulia. Mwingine atakuta ni alfajiri, katikati ya adhana na msongamano wa magari. Mwingine atakuta ni saa tano za mchana, watu wakiwa kazini. Na mwenye paa la mabati lisilo na dari nzuri aitazame pia kalenda ya mvua, tangu Machi hadi Mei na tangu Septemba hadi Novemba, asimwalike mgeni mzito alasiri ya mwezi wa Aprili, maana mvua ya Kampala ikishuka juu ya bati, hapana chombo wala programu duniani itakayoyaokoa mazungumzo hayo.

Mniwie radhi nitoke kidogo katika bei na maduka, kwa sababu lipo jambo la kale la hapa hapa Uganda linaloyathibitisha haya. Katika mwaka 1950 na tena 1952, Hugh Tracey, mwanzilishi wa maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika iliyoko Afrika Kusini, alifika nchini kunasa muziki wa nyua za wafalme, wa Buganda, Bunyoro na Ankole. Hakuwa na studio. Alikuwa na mashine nzito iliyohitaji umeme wa jenereta, na jenereta ni adui wa sauti. Basi aliiweka mbali, akavuta waya mrefu hadi palipo na wanamuziki, akavaa hedifoni masikioni, na maikrofoni akaishika kwa mkono wake mwenyewe, akiisogeza karibu na chombo hiki, kisha karibu na kile, kwa kadiri masikio yake yalivyomwambia. Mwaka 1966 jeshi la serikali lilipoishambulia Lubiri, kasri ya Kabaka wa Buganda pale Mengo, wanamuziki wa ua ule walitawanyika, na mwaka uliofuata falme zenyewe zikafutwa. Anayetaka leo kusikia jinsi ngoma na zumari za Lubiri zilivyolia kabla ya msiba huo huzirejea santuri za Tracey. Kwa vipimo vya leo mashine yake ilikuwa duni kuliko simu iliyomo mfukoni mwa kila kijana. Alichokuwa nacho ni umbali kutoka kwenye kelele, ukaribu na chanzo cha sauti, na masikio yaliyovaliwa hedifoni muda wote wa kazi.

Na hedifoni ndicho chombo cha kwanza cha kununua. Nasema hivi nikijua kwamba wengi huinunua mwisho, au hawainunui kabisa, wakatosheka na vile vidude vidogo vya masikioni vilivyokuja pamoja na simu. Anayenasa bila kusikiliza anafanya kazi gizani. Hajui kuwa waya umelegea, kuwa mgeni anagongagonga meza kwa kidole, kuwa friji imeanza kunguruma, mpaka mgeni amekwisha kwenda zake na haiwezekani kumwita tena. Hedifoni iwe ya kufunika sikio lote, imefungwa nyuma ili sauti isivuje na kuingia katika maikrofoni, na iwe ya waya, kwa sababu ile isiyo na waya huichelewesha sauti, na msemaji anayejisikia amechelewa hujikwaa katika maneno yake mwenyewe. Sony MDR-7506, iliyotoka mwaka 1991, bado imo katika studio nyingi za redio duniani, na zipo za bei nafuu zaidi, kama Audio-Technica ATH-M20x, zinazomtosha anayeanza.

Sasa tuifikie maikrofoni. Zipo za aina mbili zinazomhusu anayeanza. Ya kwanza ni ya dainamiki, ambamo utando mdogo hutikiswa na sauti na kuusogeza msokoto wa waya ndani ya sumaku, na mtikisiko huo huzaa umeme. Ni chombo imara, hakitaki umeme wa nje, na hakiogopi vumbi wala kuanguka. Ya pili ni ya kondensa, yenye utando mwembamba mno uliowekwa mbele ya bamba lenye chaji, na nyingi za kitaalamu huhitaji umeme wa volti 48 upelekwe kwenye waya wake. Hunasa mambo madogo madogo kwa uangavu mkubwa, na kwa hiyo hunasa pia yasiyotakiwa. Katika studio iliyojengwa kwa kazi hiyo, kondensa ni tunu. Katika chumba cha Kisaasi chenye dirisha linaloitazama barabara ya vumbi, nashauri dainamiki, tena yenye kusikia mbele na kupuuza nyuma, na mgongo wake uelekezwe kunakotoka kelele.

Nguvu ya dainamiki imo katika kuhitaji ukaribu. Sauti ya kinywa hupungua kwa desibeli sita kila umbali unapoongezeka maradufu; ukirudi nyuma kutoka nusu shubiri hadi shubiri nzima, mkazo wa sauti yako umekuwa nusu, ilhali kelele ya chumba haikupungua hata chembe. Atakayeongeza sauti baadaye kwa programu ataiongeza na kelele pia, kwa kadiri ile ile. Basi msemaji aikaribie maikrofoni kiasi cha upana wa kiganja, akielekeze kinywa chake pembeni kidogo ili pumzi za herufi p na b zisipige utando, na akivishe chombo kile sifongo yake au akiwekee kichujio cha pumzi. Fundi chuma yeyote wa Katwe anaweza kumtengenezea stendi nzito ya mezani kwa nondo na bamba. Kazi hiyo wanaijua, na stendi nzito haitikisiki kama zile nyepesi za kununua.

Ama majina, Shure SM58, iliyotengenezwa mwaka 1966 na kampuni ya Shure ya Marekani, ndiyo ile ile inayoonekana katika majukwaa, makanisa na kumbi za arusi za Kampala nzima, nayo inafaa maongezi bila shaka yoyote. SM7B, ambayo vijana huiona katika kila podikasti ya Marekani, ni kizazi cha SM7 ya mwaka 1973. Ni chombo kizuri kweli kweli, lakini sauti itokayo ndani yake ni hafifu, inadai kikuza sauti chenye nguvu na kilicho kitulivu, na kwa hiyo bei yake ya kweli ni zaidi ya ile iliyoandikwa dukani. Kwa anayeanza ningetaja kwanza Samson Q2U au Audio-Technica ATR2100x, ambazo kila moja ina matundu mawili: moja la USB la kuchomeka moja kwa moja katika kompyuta, na jingine la waya wa XLR, litakalotumika siku atakapopata vyombo vikubwa zaidi, asilazimike kuitupa aliyoanzia nayo. Sifa hiyo ya kukua pamoja na mwenyewe ni ya thamani kwa mtu wa kipato kidogo. Na katika maduka ya mjini awe na hadhari, kwa kuwa SM58 ni miongoni mwa maikrofoni zinazoghushiwa mno duniani. Asinunue kwa sura ya boksi, aombe ichomekwe, avae hedifoni aliyokwisha kununua, aisikilize papo hapo, na mwenye duka asiyekubali hayo aachwe na bidhaa yake.

Wakiwa wawili, kila mmoja awe na maikrofoni yake. Kuiweka moja katikati ya meza ni kumweka kila mtu mbali. Maikrofoni zikiwa mbili, umbali kati yake uwe walau mara tatu ya umbali wa kila kinywa na chombo chake, la sivyo sauti moja itaingia katika zote mbili kwa nyakati zilizopishana kidogo, na kuunganishwa kwake kutazaa ubutu. Hapo itahitajika intafesi, kisanduku kidogo kinachopokea nyaya mbili za XLR na kuzipeleka sauti katika kompyuta kila moja katika mstari wake. Focusrite Scarlett 2i2 na Behringer UMC202HD ni mifano inayojulikana. Mwenye kutembea, anayekwenda kuwafuata watu sokoni, shambani au kwenye misiba ya wakubwa, atafaidika zaidi na kinasa sauti cha mkononi, kama Zoom H4n, kinachotumia betri ndogo za kawaida na kadi, na kina matundu yake ya XLR. Na asiye na lolote ila simu asikate tamaa: aizime mawasiliano, aiweke karibu na kinywa, ajizungushie mablanketi, aanze. Kipindi kizuri kilichonaswa kwa simu katika chumba kilichotulia hukishinda kile cha vyombo ghali katika chumba cha vigae.

Juu ya umeme niseme neno moja la kitaalamu, kwa sababu linawasumbua wengi wasijue asili yake. Ule mvumo wa chini, wa mfululizo, unaosikika nyuma ya sauti, aghalabu ni umeme wa mtaani, ambao hapa Uganda hutetemeka mara 50 katika sekunde, umeingia kwa njia ya chaja isiyofungwa ardhini sawasawa. Ondoa chaja, nasa kwa betri ya kompyuta, na mara nyingi mvumo hutoweka. Kunasa kwa betri kuna faida nyingine iliyo dhahiri kwa kila mkazi wa mji huu, kwamba umeme ukikatika katikati ya jibu la mgeni, mazungumzo hayakatiki. Simu za waliohudhuria nazo ziwe mbali na nyaya, maana ule mkwaruzo wa ghafula unaotangulia kuingia kwa simu umekwisha kuharibu mahojiano mengi.

Nimeiweka programu nyuma kwa makusudi, kwa kuwa iliyo njema haina bei. Audacity ilianzishwa na Dominic Mazzoni na mwalimu wake Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ikatolewa kwa umma mwaka 2000, na tangu hapo mtu yeyote anaweza kuichukua bure, akaitumia na akaigawa. Hunasa, hukata, huunganisha, na huendeshwa katika kompyuta kuukuu bila kulalamika. Anayetaka mpangilio wa mistari mingi na uwezo mkubwa zaidi atazame Reaper, inayoruhusu majaribio ya siku 60 na ambayo leseni yake kwa mtu binafsi ni dola 60, ikalipwa mara moja na kwisha. Zile zinazokodishwa kwa mwezi siwashauri wanaoanza. Ada ya kila mwezi ni mzigo kwa kazi ambayo haijaanza kuleta chochote, na siku usipolipa unafungiwa nje ya kazi yako mwenyewe.

Wakati wa kunasa, chagua sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24, na usawazishe kiasi cha sauti ili vilele vyake vifike karibu na desibeli 12 chini ya sifuri. Sauti iliyopungua huongezwa baadaye, lakini iliyopasuka kwa kuzidi haishoneki. Kabla ya salamu, waombe wote wanyamaze kwa sekunde kumi na unase kimya hicho, kwa sababu programu itakihitaji kama kielelezo cha kelele ya chumba pindi utakapotaka kuipunguza. Ipunguzwe kidogo tu. Sauti iliyosafishwa kupita kiasi huwa na ladha ya majimaji, ncha za maneno huliwa, na msemaji huonekana si mtu wa damu na nyama. Katika kukata nako kuna adabu: ondoa marudio na vikohozi, lakini kituo anachokiweka mzee kabla ya kujibu swali zito ni sehemu ya jibu lake, na kukiondoa ili kipindi kipate kwenda mbio ni kumsemesha asivyosema.

Kazi ikikamilika, wastani wa ukubwa wa sauti ufikishwe kwenye kipimo cha LUFS 16 chini ya sifuri, kama Apple inavyopendekeza, ama 19 ikiwa ni mstari mmoja wa mono, ili msikilizaji asilazimike kugusa kitufe kila kipindi kinapobadilika. Kisha yaja mambo ya faili, na hapa nawaomba watayarishaji wamfikirie anayelipia bando. Serikali ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa mtumiaji wa mitandao ya kijamii kuanzia Julai 2018, na Julai 2021 tozo hiyo ikabadilishwa kuwa asilimia 12 juu ya data ya intaneti. Kila megabaiti, basi, ina kodi ndani yake. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, kwa kipindi cha nusu saa, ni takriban megabaiti 29. Ukiitoa kwa mono na kilobiti 64, ni megabaiti 14 na nusu hivi, na kwa sauti ya mtu anayesema, sikio la kawaida ndani ya taksi halitaona upungufu. Nusu ya gharama ya msikilizaji imeondolewa kwa uamuzi mmoja wa mtayarishaji. Wanaomimina muziki mwingi katika vipindi vyao watataka zaidi ya hapo, na wana haki. Lakini podikasti nyingi za mji huu ni maongezi.

Lugha nayo ni ya kuamuliwa mapema, ingawa mazungumzo yangu leo ni ya vyombo. Baraza la Mawaziri lilikubali mwezi wa Julai 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi ya nchi, na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari; kipindi cha Kampala kilichonenwa kwa Kiswahili safi kingesikilizwa Kisangani na Unguja bila mkalimani, na vipindi hivyo bado ni vichache mno. Na anayeitangazia hadhara kwa njia ya intaneti asisahau kwamba Tume ya Mawasiliano ya Uganda, tangu mwaka 2018, imewataka wenye kazi za namna hiyo wajiandikishe. Aende ofisini kwao akaulize masharti yaliyopo kabla hajaanza.

Limebaki jambo ambalo hakuna muuza duka atakayekuambia, nalo ni hifadhi. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda, alizunguka nchi hii kuanzia mwaka 1949 akinasa nyimbo na ngoma za makabila yake, na kwa kila alichonasa aliandika mahali, watu na chombo kilichopigwa. Kanda zake zilihifadhiwa London, na nakala zake zimerudishwa Chuo Kikuu cha Makerere, ambako leo hifadhi yake ina jina lake. Zingekuwa sauti zisizo na mwenyewe kama asingeandika. Nawe basi, usiyafute maongezi ya asili baada ya kutoa MP3. Saa nzima ya mono kwa sampuli na biti nilizozitaja za kunasia ni takriban megabaiti 518, na diski ya nje ya bei ndogo hubeba mamia ya saa kama hizo. Liandike jina la faili kwa tarehe, mahali, lugha na jina la mgeni kwa idhini yake, uweke karatasi ya maelezo pamoja nayo, kisha utoe nakala ya pili na kuipeleka nyumba nyingine kabisa, kwa ndugu aliye Masaka au Jinja, mwizi au moto visije vikazichukua zote mbili usiku mmoja.